Usiweke Simba

Mapenzi maarufu kuliko yote yaliyowahi kuandikwa kuhusu Kenya yaliishia hapa Voi, tarehe 14 Mei 1931. Siku hiyo Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kiingereza, alipaa na ndege yake ndogo kutoka uwanja wa Voi, na muda mfupi baadaye ndege ikaanguka na kuwaka moto. Alikufa yeye na mtumishi wake, Kamau. Karen Blixen, mwanamke aliyempenda, alimzika kwenye vilima vya Ngong, akaachana na shamba lake la kahawa lililokuwa limefilisika, akarudi Denmark, na mwaka 1937 akatoa kitabu, Out of Africa. Mwaka 1985 Hollywood ikaja ikamalizia kazi.

Nimeishi Voi karibu maisha yangu yote, na hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia hadithi ya wazazi wa nyanya yangu. Ndiyo maana naandika haya. Nataka kutetea aina ya vitabu ambavyo watu huvisoma kwa kujificha: riwaya nyepesi za mapenzi ya kale, zile safi, ambamo mapenzi yanasimama mlangoni mwa chumba cha kulala, na anayestahili harusi anapata harusi. Watu husema ni vitabu vya kukimbilia mbali na historia. Mimi vilinirudisha kwenye historia, na vikanipa swali ambalo sikuwa nimewahi kuiuliza.

Nilianza kuvisoma mwaka niliorudi nyumbani kutoka chuo bila digrii. Karo ilikuwa imenishinda, na kusema ukweli sikutaka kuona kitabu kizito, sana sana cha historia, ambayo ndiyo nilikuwa nikisomea. Kuna mama anauza vitabu vya mtumba karibu na soko, amevitandika juu ya gunia, kando ya viatu na mikoba. Nikaokota kimoja chenye picha ya msichana aliyevaa gauni refu na kofia ya utepe. Shilingi 50.

"Hicho ni cha wasichana," mama akaniambia, lakini pesa akachukua.

Nilikifunika kwa gazeti kabla sijafika steji ya boda. Usiku huo nikasoma hadi simu niliyoitumia kama tochi ikazima.

Kitabu kilikuwa Cotillion cha Georgette Heyer, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1953. Kina msichana anayeitwa Kitty, analelewa na mzee bahili, na huyo mzee ametangaza kwamba atamwachia mali yake yote mradi aolewe na mmoja wa wajukuu wa ndugu zake. Kitty anamtaka Jack, jamaa mwenye sura na mdomo mtamu, na Jack anajifanya hana haraka. Basi Kitty anamwomba Freddy, ambaye hana sura ya kukumbukwa wala ujasiri wowote, amsaidie kwa kujifanya mchumba wake ili apate kwenda London. Hebu kisia nani anashinda. Ukikisia mapema haidhuru. Katika vitabu hivi unajua mwisho kuanzia ukurasa wa kwanza, na raha iko katika kuona watafikaje huko.

Kama hujawahi kumsikia Heyer, yeye ndiye mama wa aina hii yote. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902 akafa 1974. Kitabu chake kimojawapo cha mwanzo, cha mwaka 1923, alikitoa kwa jina la bandia kupitia Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908 na baadaye ikawa jina la kutajia kila riwaya ya mapenzi duniani. These Old Shades ilitoka mwaka 1926, wakati wa mgomo mkuu wa wafanyakazi Uingereza, ikauzwa sana bila matangazo ya maana. Nyingi za riwaya zake ziko katika kipindi kinachoitwa Regency, 1811 hadi 1820, Mfalme George wa Tatu alipokuwa mgonjwa na mwanawe akatawala kwa niaba yake. Julia Quinn, ambaye kitabu chake cha mwaka 2000 kilizaa Bridgerton ya Netflix, anatembea njia iliyofyekwa na Heyer.

Sasa, jambo ambalo sikulitarajia. Nilipoanza kumfuatilia huyu mama nikakuta kwamba moja ya riwaya zake za London aliiandika upande huu wetu. Mumewe, Ronald Rougier, alikuwa mhandisi wa madini. Mwaka 1927 alikuwa ametumwa Tanganyika, na Heyer akamfuata. Waliishi porini, katika kibanda cha nyasi ndefu. Inasimuliwa kwamba watumishi wao hawakuwa wamewahi kumwona mwanamke mzungu kabla yake. Humo ndani ya nyasi ndimo alimoandika The Masqueraders, iliyotoka mwaka 1928: kaka na dada wanabadilishana mavazi, yeye anakuwa mwanamume na ndugu yake anakuwa mwanamke, ili wasikamatwe baada ya uasi wa mwaka 1745. Vitabu vyake vya rejea vingi alikuwa ameviacha mbali. Hata hivyo, waliokuja kupekua makosa ya kihistoria kwenye riwaya hiyo walipata moja tu. Kuna klabu ya London ambayo ameifungua mwaka mmoja kabla ya wakati wake.

Hapo ndipo nilipoacha kukifunika kitabu kwa gazeti. Wepesi wa riwaya hizi una jasho ndani yake. Kitu chepesi mkononi mwa msomaji kilikuwa kizito mkononi mwa aliyekibeba kwanza, kama vile chapati laini isivyomwonyesha mlaji jinsi unga ulivyokandwa. Heyer alijua bei ya farasi, aina ya kitambaa, barabara ipi inaingia London kutoka wapi. Riwaya yake An Infamous Army ya mwaka 1937 ina vita vya Waterloo ndani yake, na hata watu wa historia za kijeshi wameisifu. Lakini yote hayo yanakaa nyuma, kama watu wanaopika kwenye sherehe. Wewe mgeni unaona msichana na kijana wakibishana.

Nilivyozidi kuzisoma ndivyo hadithi za kwetu zilivyoanza kunisumbua.

Chukua Ewart Grogan. Ukienda Taveta utaonyeshwa jumba lake juu ya kilima, alilolijenga miaka ya 1930 alipokuwa na mashamba makubwa huko. Hadithi yake inasimuliwa kama mapenzi makubwa. Kijana alimpenda Gertrude Watt, baba wa kambo wa msichana akamtilia shaka, basi kijana akaapa atatembea Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, Cape mpaka Cairo, aonyeshe yeye ni mwanamume. Safari ilianza 1898 ikaisha 1900, na msichana akampata. Gertrude alipofariki mwaka 1943, Grogan alitoa ardhi Nairobi ikajengwa hospitali ya watoto inayobeba jina la mkewe mpaka leo. Ukiishia hapo, machozi.

Lakini ni Grogan huyo huyo ambaye, mwaka 1907, aliwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, umati ukitazama. Alifungwa mwezi mmoja. Hadithi ya mapenzi haitaji siku hiyo, na hadithi ya viboko haitaji mapenzi, na mimi niliyelelewa katika kaunti yenye jumba lake najua ni mtu mmoja.

Sasa mweke kando ya Freddy wa Cotillion. Freddy hajatembea kutoka Cape mpaka popote. Hajamuua simba. Kipaji chake ni kukumbuka vitu: kwamba wapenzi wanaotaka kutoroka wakaoane watahitaji kibali, na kibali lazima mtu mwenye akili akakitafute. Wakati wengine wanalia na kuapa, Freddy anashughulikia kibali. Kitty anagundua polepole kwamba mwanamume wa kuishi naye ni yule ambaye, ukiwa na shida, unatamani atokee mlangoni. Niliposoma hapo nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa sijawahi kupewa shujaa wa aina hiyo. Huku kwetu mashujaa wa kwenye vitabu ni wale wa simba. Simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 wana kitabu chao cha mwaka 1907, wana filamu, na wenyewe wako kwenye jumba la makumbusho Chicago. Wale wafanyakazi wa reli walioliwa, ambao wengi walikuwa vijana waliovuka bahari kutoka India, kuna mwanamke aliyekuwa anangoja barua zao, lakini hiyo haikuonekana kuwa hadithi.

Au ile ya mbuyu. Ukitoka Voi kwenda Taveta unapita Maktau, Mbuyuni, kisha kilima cha Salaita, ambako tarehe 12 Februari 1916 Wajerumani na askari wao waliwarudisha nyuma Waafrika Kusini waliokuwa wakipigana upande wa Uingereza. Huko kuna mbuyu wenye shimo, na waongoza watalii wanasimulia kwamba wakati wa vita hivyo mwanamke Mjerumani alijificha ndani yake na bunduki, akiwadungua Waingereza mmoja mmoja kwa sababu walikuwa wamemuua mumewe. Kama ni kweli au la, siwezi kuapa. Lakini angalia hadithi yenyewe inavyokwenda. Mwanamke alipenda, kwa hiyo akaua.

Hata waandishi wakubwa waliokuja kuweka riwaya zao kwenye vita hivyo hawakutuachia harusi. An Ice-Cream War ya William Boyd, ya mwaka 1982, inapita Taveta na haimhurumii mtu. The Book of Secrets ya M.G. Vassanji, ya mwaka 1994, inabuni mji mdogo wa Wahindi karibu na mpaka huo, na ndoa iliyo katikati yake ni kidonda. Ni riwaya nzuri, nimezisoma zote mbili na nitazirudia. Ila ukizipanga pamoja na ndege ya Finch Hatton, jumba la Grogan, simba na mbuyu, unaona kwamba ukija Taita Taveta kwenye kitabu, umekuja kufa ama kuua.

Nisiseme kana kwamba vitabu vya Heyer ni malaika. Magauni yale yalinunuliwa na pesa, na pesa nyingine za matajiri wa Uingereza wa wakati ule zilitoka mashamba ya sukari ya Karibiani, yaliyolimwa na watumwa. Waingereza walipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni yao uliendelea hadi miaka ya 1830. Mashujaa wa Regency wanakunywa chai tamu na hakuna anayeuliza utamu umetoka wapi. Katika The Grand Sophy ya mwaka 1950 kuna mkopeshaji pesa Myahudi aliyechorwa kwa chuki ambayo mwaka huo mwandishi hakuwa na kisingizio cha kutoijua. Na wale waliomchotea maji na kumkokea moto pale Tanganyika, huku yeye akihangaikia mwaka wa kufunguliwa klabu, majina yao hayamo, kama vile Kamau alivyobaki jina moja tu kwenye hadithi ya watu wengine. Rafiki yangu mmoja aliniuliza, "Sasa wewe, kijana wa Kidawida, unatafuta nini kwa hao watu?"

Nilikosa jibu siku hiyo. Jibu nimelipata Kasigau.

Kasigau ni mlima wa zaidi ya mita 1,600, kusini mashariki mwa Voi. Mwaka 1915, Wajerumani walipoushambulia wakitafuta njia ya kuifikia reli ya Mombasa, Waingereza waliwashuku wenyeji kwamba wamewasaidia adui. Wakawang'oa watu wa mlima ule kwao na kuwahamishia Malindi, pwani, kwenye joto na homa ambazo hawakuzizoea. Wengi walikufa. Waliobaki hawakurudishwa hadi miaka ya 1930. Fikiria hapo: mtoto aliyezaliwa mwaka wa kuhamishwa alirudi mlimani akiwa mtu mzima, "akirudi" mahali ambapo hakuwa amewahi kupaona.

Hii ni historia ninayoijua tangu utotoni, kwa sababu nyanya yangu mzaa mama ni mtu wa Kasigau. Niliijua kama orodha ya mateso, na ni mateso kweli. Lakini nikiwa nimetoka kusoma riwaya yangu ya sita au ya saba ya Heyer, nikamtembelea, na swali likanitoka mdomoni kabla sijalifikiria. Sikumuuliza wangapi walikufa. Nilimuuliza, "Nyanya, wazazi wako walipatanaje?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu ambacho hakujua kinauzwa.

"Walipatana njiani," akasema. "Wakirudi."

Kisha akaanza kucheka. Babake, akasema, alikuwa kijana wa maneno mengi. Alizaliwa Malindi, lakini safari yote alikuwa anawaeleza wenzake habari za mlima kana kwamba ameukwea jana: chemchemi iko hapa, mwamba uko pale, upepo unatokea huku. Mamake, naye mzaliwa wa Malindi, alikuwa anasikiliza kimya na kumwamini. Siku moja kijana akanyoosha kidole: "Ule pale! Ule ndio Kasigau!" Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akaangua kicheko mpaka akaweka mzigo chini. Kilikuwa kilima kingine kabisa.

Msichana hakumsemesha tena hadi walipofika. Wakafika. Na siku walipofika, kijana alimwendea akamwambia hajui kitu chochote kuhusu huo mlima, hata maji hajui yako wapi, na kama yeye pia hajui, basi waende wakayatafute pamoja. Maisha yake yote yaliyobaki mamake nyanya alimwita mumewe Mwenye Mlima, na mzee aliitikia.

Nilikaa pale na kikombe cha chai kimepoa. Hiyo ilikuwa riwaya nzima. Kijana mwenye majivuno, msichana asiyesahau, kosa la hadharani, msamaha unaoombwa kwa kitendo. Nyanya alikuwa nayo miaka yote hii, na hakuna mtu aliyeiomba, kwa sababu sote tulipokuja kwake tulikuja kuuliza vita.

Sisemi kicheko kinafuta Malindi. Makaburi yako kule na hayatahamishwa na hadithi. Lakini wale watu walirudi. Hilo pia ni jambo lililotokea, lina mwaka wake na barabara yake, na sisi tuliotokana nao ndio ushahidi. Tunapoisimulia Kasigau kama kifo tu, tunafanya ujinga ule ule wa filamu za simba: tunahesabu walioliwa, tunawaacha waliooana. Riwaya nyepesi haina uwezo mwingi, ila ina kanuni moja ambayo haivunji, kwamba hawa wawili watafika nyumbani. Nilidhani kanuni hiyo ni uongo mtamu wa watu wenye magauni. Kumbe imewahi kuwa kweli, kwa miguu, kwenye vumbi jekundu, karibu kabisa na ninapoishi.

Nimeanza kuiandika. Nahitaji kujua vitu vingi sana: walikula nini njiani, shuka iliuzwa pesa ngapi Malindi miaka ile, nyimbo zipi vijana waliimba. Sasa naelewa kwa nini Heyer alihangaika na farasi na vitambaa. Nyaraka za wakoloni zinaweza kunipa tarehe, lakini shuka itabidi niwaulize wazee, na wazee wanapungua. Kwa hiyo kila nikipata nauli naenda Kasigau na daftari, namsomea nyanya nilichoandika, na yeye anasahihisha. Juzi nilimsomea ukurasa ambapo wasafiri wamelala usiku nyikani, moto umezimika, na kitu kinanguruma gizani.

"Hapo umekosea," akasema. "Usiweke simba."

"Lakini nyanya, si lazima kulikuwa na simba?"

"Walikuwepo," akasema. "Lakini si hadithi yao."